Vidole Viwili

"Ngiri," akasema daktari pale Bungoma,
nami nikamfikiria mnyama,
yule wa mkia wima anapokimbia.
"Umembeba miaka mingapi?"
Nikaanza kuhesabu magunia ya vitunguu ya Chwele,
lori kwa lori, nikapotelea kwenye hesabu.

Sasa katolewa. Mahali pake pana mshono
na mkanda mpana wa rangi ya ngozi isiyo yangu,
wa kuvutika, wenye kishonanguo cha nailoni
kinachong'ang'ania, na nikikibandua
hulia krrr mpaka kuku wanatawanyika.
Bei yake ni mbuzi mdogo, bila kamba.

Muuguzi alinionyesha mara moja, mbio mbio,
kitanda cha pili kilikuwa kinaita.
Nyumbani Nanjala akaufunga juu chini
ukanipanda mbavuni kama mtoto aliyeona mbwa.

Ndipo sauti ikaja kutoka nje, chini ya dirisha,
pale mama mkwe alipoketi akichambua maharagwe,
maana yeye haingii ninapolala
wala mimi sikutani na macho yake.
Miaka kumi na minne tumesalimiana kupitia watoto.

"Mwambie Baba Khaoya alale chali, magoti juu.
Mkanda upite chini ya mgongo
kama unavyompitishia mtoto nepi.
Anzia chini, nyongani, ndipo upande.
Kaza akiwa ametoa pumzi.
Kisha ingiza vidole viwili. Vikikwama, legeza.
Tumbo si gunia, halishonwi mdomo."

Amefunga wazazi wa vijiji vitatu kwa leso,
barabara ikiwa bado matope.
Amemfunga Nanjala mara nne.
Mara zote nne mimi nilikuwa sokoni, napakia.

Basi nikafundishwa kuamka, mimi mtu mzima:
kugeukia ubavu, miguu itangulie,
mkono usukume kitanda, tumbo lisijue.
Choo kikawa safari ya kupangiwa.
Kucheka nikakukataza kama pombe;
Wabomba alikuja na kisa cha jogoo wa mchungaji,
nikamsihi arudi nacho kwake.

Usiku mkanda unavuliwa, ngozi ipumue.
Asubuhi unafuliwa kwa maji baridi, unaanikwa
kati ya leso na soksi za shule,
na wapita njia wanauliza kwenye ua:
"Nani kajifungua hapa?"
Nanjala anajibu, "Mzee."

Juma la pili, mchana, kikohozi.
Nilikihisi tangu mbali, kama lori likipanda mlima na mzigo.
Mkanda uko kambani, unachuruzika.
Nanjala yuko kisimani.
Nikashika kingo za kitanda, nikatazama mabati.

"Mto! Kumbatia mto, mwanangu! Ubane hapo hapo!"

Hakusema mwambie.
Hakusema Baba Khaoya.
Nikaukumbatia ule mto wa matambara,
nikaukandamiza juu ya uzi wa daktari,
nikakohoa mara tatu, machozi yakanitoka,
mshono ukavumilia.

Kisha kimya.
Hata maharagwe yalinyamaza.
Tulikuwa tumevunja kitu, yeye na mimi,
na ukuta wa udongo kati yetu
haukuwa na ufa.

"Asante, mama," nikauambia mto,
kwa sauti ya kufika dirishani tu,
isizidi.

Muda ukapita. Nadhani alikuwa anatazama mikono yake.
Halafu nikasikia punje moja sufuriani, tang,
na baada yake nyingine.